Waliorudi Bila Jua

Mwezi wa Julai jua la Kiganjo huwa mgeni. Ndio msimu ambao Wakikuyu huuita gathano: manyunyu yasiyofikia kuwa mvua, baridi ya kukunja vidole, na wingu moja la kijivu linalofunika kutoka Kirinyaga upande wa mashariki hadi Nyandarua upande wa magharibi. Wiki nzima inaweza kupita mlima usionekane.

Asubuhi moja ya msimu huo nilipanda matatu kwenda Naro Moru, kama kilomita 30 kutoka nyumbani, nikiwa nimepakata katoni iliyotobolewa matundu ubavuni. Ndani yake walikuwamo njiwa-manga wanne wa jirani yangu, kimya kabisa. Nilipomtoa wa kwanza, kifua chake kilidunda kiganjani mwangu kwa kasi nisiyoweza kuihesabu. Jicho lake la rangi ya chungwa lilitazama juu, likanitazama mimi, likarudi juu. Nikafungua vidole. Mabawa yakapiga makofi mawili, akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Siku ya jua njiwa hawa huzunguka mara moja au mbili kisha hunyoosha kusini, nyumbani. Siku hiyo walizunguka juu ya paa za maduka mara tatu, mara tano, mara nane, mpaka shingo ikaniuma. Halafu wakazama ndani ya wingu upande wa Nanyuki, kaskazini, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala.

Tangu siku ile nazisoma rekodi za njiwa kwa jicho jingine. Mbio za njiwa zina vitabu vyake vya rekodi kama mchezo wowote: nani alienda kasi, nani alitoka mbali, nani aliuzwa ghali. Ila karibu kila tarakimu humo ni mali ya wawili, ndege na anga, na mara nyingi anga ndiye mwenye fungu kubwa. Kwa hiyo orodha yangu naipanga kwa kuuliza swali moja: siku hiyo juu kulikuwaje?

Kasi

Rekodi inayotajwa zaidi ni ya tarehe 8 Mei 1965. Njiwa 1,428 waliachiliwa East Croydon, kusini mwa London, warudi makwao mashariki mwa Uingereza. Mshindi alipimwa kwa kasi ya kilomita 177.14 kwa saa. Hiyo ni kasi ya gari linalokimbia kupita sheria ya barabara yoyote ya Kenya. Lakini njiwa wa mashindano, hewa ikiwa tulivu, huruka kilomita 70 au 80 kwa saa, pengine zaidi kidogo. Kilichobaki kilitoka kwa upepo mkali wa kusini-kusini-magharibi uliokuwa ukiwasukuma mgongoni tangu walipoinuka hadi walipotua.

Mwaka huohuo wa 1965 mtu wa Kiganjo alivunja rekodi mbili za dunia. Kipchoge Keino, aliyekuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi hapa, alikimbia mita 3,000 kwa dakika 7 na sekunde 39.6 huko Helsingborg mwezi wa Agosti, na mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 24.2 huko Auckland mwezi wa Novemba. Namtaja pamoja na njiwa wa Croydon kwa sababu riadha imelitafakari jambo ambalo mbio za njiwa zimeliacha. Mkimbiaji wa mita 100 akisukumwa na upepo unaozidi mita 2 kwa sekunde, muda wake hauandikwi katika rekodi. Njiwa hana kanuni hiyo. Upepo wote ni halali yake, wa mgongoni na wa usoni.

Ndiyo maana kwangu rekodi ya Croydon ni rekodi ya upepo. Ninayempa heshima ni ndege mwingine, ambaye kasi yake ni robo tu ya ile.

Upepo usoni

Tarehe 6 Juni 1944, siku majeshi yalipoteremka pwani ya Normandy katika Vita vya Pili vya Dunia, mwandishi wa habari wa shirika la Reuters aliachilia njiwa aliyeitwa Gustav kutoka kwenye meli karibu na ufuo. Redio zilikuwa zimezimwa ili adui asisikie. Gustav alibeba habari ya kwanza ya uvamizi ule hadi bandani kwake karibu na Portsmouth: kilomita 240 hivi, kwa saa 5 na dakika 16. Hesabu yake haifiki kilomita 46 kwa saa. Ukiishia hapo, utasema ni njiwa wa kawaida.

Sasa itazame anga. Upepo ulikuwa ukimkabili kwa nguvu iliyofikia kilomita 48 kwa saa, na jua lilikuwa limefichwa na mawingu. Jumlisha. Ili asogee kilomita 46 mbele katika upepo kama huo, mabawa yalilazimika kufanya kazi ya kilomita 90 na zaidi kwa saa, kwa zaidi ya saa tano mfululizo, juu ya maji, bila mahali pa kutua, bila jua la kumwonyesha njia. Naamini hakuna tarakimu kubwa kuliko hiyo katika historia yote ya njiwa, na haimo katika ukurasa wa kasi.

Miaka minne kabla yake, Oktoba 1940, njiwa mwingine aliyeitwa Royal Blue alitoka Uholanzi na ujumbe wa ndege ya kivita iliyolazimika kutua: kilomita 193 kwa saa 4 na dakika 10. Alikuwa wa kwanza katika vita vile kuleta habari ya namna hiyo kutoka bara la Ulaya, na mwaka 1945 alipewa nishani ya Dickin, inayotolewa kwa wanyama waliofanya ushujaa vitani. Mmiliki wake alikuwa Mfalme George wa Sita wa Uingereza, mwenye mabanda ya Sandringham, ambayo yalianza mwaka 1886 kwa njiwa waliotolewa zawadi na mfalme wa Ubelgiji.

Na hapa habari inarudi Kiganjo. Februari 1952 binti wa Mfalme George alikuwa mgeni wetu. Nyumba ya Sagana, iliyo karibu na hapa, ilikuwa zawadi ya harusi yake, na usiku wa kuamkia tarehe 6 alilala katika hoteli ya Treetops, akitazama tembo wakinywa maji. Usiku huo baba yake akafariki. Mwenye njiwa waliovuka bahari ya vita wakafika kwa saa nne amekufa, na habari ya kifo chake haikumfikia mwanawe kwa njia rasmi iliyopangwa. Waandishi wa habari waliokuwa Nyeri ndio waliotangulia kuipata kupitia Reuters, shirika lilelile la Gustav, na kutoka kwao ikaletwa Sagana mchana. Jioni akaondoka kwa ndege kutoka Nanyuki hadi Entebbe, na pale Entebbe dhoruba ya radi ikamzuia kwa saa kadhaa kabla ya kuendelea na safari. Malkia mpya, mwenye ndege kubwa na marubani wake, alisubiri mawingu yafunguke sawa na njiwa yeyote.

Dira mbili

Kwa nini wingu linamtesa njiwa hivyo? Kwa muda mrefu watu walidhani ni kwa sababu haoni alama za ardhini. Gustav Kramer, mtaalamu wa Ujerumani, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba ndege hulitumia jua kama dira. Hilo linadai awe na saa ndani ya mwili, maana jua halikai mahali pamoja. Mwanafunzi wake Klaus Schmidt-Koenig akaijaribu saa hiyo kwa njiwa: akawafungia chumbani, akawawashia taa na kuwazimia kwa ratiba iliyosogezwa saa sita. Walipoachiliwa juani, walikosea njia kwa takriban robo ya duara. Dira ilikuwa sawa, saa ndiyo iliyodanganywa. Kramer mwenyewe alikufa mwaka 1959 huko Calabria, Italia, alipoanguka kutoka kwenye majabali akitafuta makinda ya njiwa-mwitu.

Dira ya pili iligunduliwa kwa msaada wa mawingu. William Keeton wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliwabandika njiwa vipande vya sumaku mgongoni. Siku ya jua hawakujali, wakarudi. Siku ya mawingu mazito walipotea, huku wenzao waliobandikwa vipande vya shaba wakirudi salama. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1971. Mwaka 1974 Charles Walcott na Robert Green waliwavalisha njiwa nyaya ndogo zenye umeme kichwani. Waliposukuma umeme upande mmoja, njiwa walielekea nyumbani. Walipougeuza, siku ya mawingu, njiwa waligeuka pia na kuruka upande wa pili kabisa.

Kwa hiyo jua likiwapo, sumaku hukaa akiba. Jua likifichwa, ndiyo pekee iliyobaki.

Njiwa wa Ulaya ameumbiwa maisha mepesi kuliko wa Kiganjo, na jambo hili sijaona likisemwa vya kutosha. Sisi tuko chini kidogo tu ya mstari wa ikweta. Mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba jua letu huchomoza mashariki, likapanda wima kama mtu anayepanda mnazi, likabaki mashariki asubuhi yote, kisha katika dakika chache za adhuhuri likavuka utosi na kuwa magharibi. Kwa njiwa anayesoma pembe ya jua, asubuhi hiyo ni kitabu kilicho wazi na adhuhuri ni ukurasa mtupu. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko kaskazini mwetu, mwezi wa Desemba liko kusini. Kinda aliyejifunza anga mwezi wa Mei akifungiwa hadi Novemba atatoka na kukuta dira yake imehamia upande wa pili.

Sumaku nayo ina ikweta yake, na haipiti Nanyuki penye kile kibao ambacho watalii hupigia picha. Inapita mbali kaskazini, nchini Ethiopia. Mwaka 1972 Wolfgang na Roswitha Wiltschko wa Frankfurt walionyesha kwamba dira ya ndege haitofautishi ncha ya kaskazini na ya kusini kama sindano ya mabaharia. Ndege huhisi mwinamo, yaani mistari ya sumaku inazama ardhini upande gani. Ulaya huzama kaskazini. Kwetu huzama kusini, tena kwa pembe ndogo. Nguvu yenyewe hapa Kenya ni kama nanotesla 33,000 na kidogo, ambapo karibu na ncha za dunia hufikia 60,000 na zaidi. Njiwa wetu anaisoma sauti ndogo kuliko wenzake wote wa Ubelgiji, na anaisoma juu ya mlima wa volkano, ambao mawe yake yenyewe yana chembe za sumaku. Walcott alionyesha huko Rhode Island kwamba njiwa walioachiliwa mahali ambapo miamba imevuruga sumaku walitawanyika ovyo, hata jua likiwaka.

Halafu kuna jua linapokohoa. Likirusha chembe zake kuelekea duniani, uga wa sumaku hutikisika, na wataalamu hupima mtikisiko huo kwa kipimo cha Kp kinachoanzia 0 hadi 9. Tarehe 13 Machi 1989 mtikisiko ulizima umeme wa jimbo la Quebec kwa saa tisa. Tarehe 10 Mei 2024 ulifika tena daraja la juu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu 2003. Ila hata ule wa 1989 uliipunguza sumaku ya maeneo ya karibu na ikweta kwa chini ya asilimia 2. Je, njiwa anaweza kuhisi kitu kidogo hivyo? Keeton na wenzake waliandika mwaka 1974 kwamba hata mabadiliko ya kawaida ya chini ya nanotesla 100 yalisogeza kidogo mwelekeo wa njiwa wao wanapoanza safari. Kusogea tu. Bado walifika. Kiungo chenyewe kinachohisi bado kinatafutwa: mwaka 2012 watafiti walionyesha kwamba zile seli zenye chuma mdomoni mwa njiwa, zilizosifiwa kwa miaka, ni seli za kinga ya mwili, hazina uhusiano na neva za dira.

Siku ya maombolezo

Hasara kubwa kuliko zote inatajwa kuwa ya tarehe 29 Juni 1997. Chama cha mbio za njiwa cha Uingereza kilikuwa kinaadhimisha miaka mia moja, na njiwa zaidi ya 60,000 waliachiliwa Nantes, Ufaransa, wavuke bahari warudi makwao. Maelfu kwa maelfu hawakuonekana tena. Nawawazia wazee waliosimama uani jioni ile na saa zao mkononi, kila mmoja akidhani ni banda lake tu.

Jon Hagstrum, mwanajiolojia wa Marekani, alikuja na maelezo ambayo mwanzoni yalionekana ya ajabu: sauti. Anasema njiwa husikia mngurumo wa chini mno, ambao sisi hatuusikii, unaotoka baharini na kugonga milima, na kwamba kila banda lina mngurumo wake. Asubuhi ile ndege ya Concorde, iliyokuwa ikiruka kasi kuliko sauti, ilivuka juu ya bahari wakati njiwa nao walikuwa njiani. Mshindo wake, anaamini, uliwaziba masikio.

Mfano wake unaonishawishi zaidi ni wa kilima kimoja katika jimbo la New York, Jersey Hill. Kila Keeton alipowaachilia njiwa wa Cornell pale, walitawanyika kama waliofungwa macho. Miaka nenda, miaka rudi. Isipokuwa siku moja, tarehe 13 Agosti 1969, walipoinuka na kunyoosha nyumbani bila kusita. Mwaka 2013 Hagstrum alipiga hesabu za joto na upepo wa siku zile na kukuta kwamba kwa kawaida sauti ya nyumbani iliruka juu ya kilima bila kukigusa, ila siku hiyo moja hali ya hewa iliikunja ikashuka mpaka pale. Si wataalamu wote wanaomkubali. Lakini nikisimama Kiganjo, bondeni kati ya milima miwili mikubwa, hewa ya baridi ikiteremka kutoka barafuni usiku, siwezi kuacha kujiuliza ni sauti ngapi zinazoruka juu ya vichwa vyetu.

Waitaliano nao wana lao. Floriano Papi wa Pisa alidai tangu mwaka 1972 kwamba njiwa huchora ramani kwa pua, kwa harufu zinazoletwa na upepo. Kama ni kweli, Kiganjo ina anwani nzuri: maziwa yanayochemshwa kiwandani, kahawa inayokobolewa kule Nyeri mwisho wa mwaka, moshi wa msituni.

Tarehe 19 Juni 2021 msiba ulirudi Uingereza. Maelfu ya njiwa walipotea katika mbio nyingi za siku moja, na katika mbio zilizoanzia Peterborough, njiwa wapatao 9,000 waliotarajiwa kufika ndani ya saa tatu, wengi hawakufika. Wafugaji wakalishuku jua na dhoruba zake. Hakuna aliyethibitisha.

Mbali, na ghali

Kuhusu umbali, kumbukumbu za zamani zinadai kwamba mwaka 1845 njiwa wa Duke wa Wellington aliachiliwa kisiwani Ichaboe, pwani ya Namibia, akaonekana amekufa karibu na banda lake London baada ya siku 55. Kama ilikuwa hivyo, alivuka ikweta zote mbili, ya jua na ya sumaku, na dira yake ikageuka chini-juu njiani. Kuhusu bei, New Kim, jike wa Ubelgiji, aliuzwa Novemba 2020 kwa euro milioni 1.6, zaidi ya shilingi milioni 200 za Kenya. Alinunuliwa akiwa na miaka miwili. Sina zaidi la kusema juu yake.

Napenda kusema juu ya jina. Sisi humwita njiwa-manga, na Manga kwa watu wa pwani ni Uarabuni, upande wa Oman, kulikotoka pia pilipili manga na komamanga. Ndege huyu kwa jina lake ni mgeni aliyeletwa na kaskazi. Taarabu ikamfanya mpeleka salamu, ingawa kwa kweli njiwa hapeleki kitu popote. Anajua njia moja tu, ya kurudi. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Na rekodi ya Kenya? Kwangu ni ya Ngulia, Tsavo Magharibi. Tangu 1969, kila Novemba na Desemba, watu hukesha pale na nyavu, wakingoja usiku usio na mbalamwezi wenye ukungu mlimani. Ndege wadogo wanaohama kutoka Ulaya na Urusi hupoteza nyota, huiona taa ya hoteli ya pale, hushuka. Wamevishwa pete zaidi ya laki nne. Usiku ukiwa safi, hawashuki: hupita juu kimya, wala hakuna anayejua walikuwapo.

Wale wanne wangu? Wa kwanza alirudi siku ileile saa kumi na mbili jioni, amelowa. Wawili walifika kesho yake. Wa nne, yule niliyemshika kwanza, hakuonekana siku ya pili wala ya tatu, na jirani akaacha kutazama juu. Siku ya nne, kama saa saba mchana, wingu lilipasuka upande wa mlima, jua likatoka kwa muda usiozidi nusu saa. Tulisikia kucha kwenye mabati. Unyoya mmoja wa mkia ulikuwa umevunjika. Aliteremka hadi kwenye sufuria ya maji, akazamisha mdomo na kuvuta, kama njiwa wanavyokunywa, bila kuinua kichwa hata mara moja.